Hesabu nyepesi ndio inayowavunja

Tangu wale watoto wa kwanza wa Gredi 10 waingie sekondari ya juu Januari hii ya 2026, kila nikikaa na wazazi wenzangu hapa Mombasa, iwe Tudor, iwe Kisauni, iwe kwenye foleni ya feri Likoni, maneno ni yale yale: wako amepangiwa hesabu gani? Sababu wajua ilivokuwa. Mwanzo twaliambiwa hesabu haitakuwa lazima sekondari ya juu, watu wakapiga kelele, na 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba itabaki lazima kwa kila mtoto lakini itagawanywa mara mbili, Core Mathematics kwa wale wanaokwenda STEM, yaani njia ya sayansi na teknolojia, na Essential Mathematics kwa wale wa Sayansi ya Jamii na wale wa Sanaa na Michezo. Mimi hapa nitaziita hesabu nzito na hesabu nyepesi, kwa vile ndivyo wazazi wengi wanavyozichukulia. Na wengi wao wameshusha pumzi, haswa wale ambao mtoto wao amehangaika na nambari tangu darasa la pili. Wasema alhamdulillah, sasa kijana atapewa ile nyepesi, atapumua, atajiamini.

Kwa watoto wengi huenda ikawa hivo na siwapingi. Lakini kuna kundi moja ambalo kwao hii hesabu nyepesi ndio ngumu kuliko zote, na hao ni watoto wenye diskalkulia, na ndio hao hao ambao wazazi na walimu wanawasukuma huko kwa haraka zaidi wakidhani wanawahurumia. Nasema tunakosea mara mbili. Kwanza twadhani tatizo lao ni hesabu kuwa kubwa, na hali tatizo lao liko kwenye hesabu ndogo. Pili twadhani kujiamini ni kitu cha kumpa mtoto kabla, kama dawa ya kunywa ukiamka, alafu kufaulu kutafuata, na hali kwa mtoto huyu mambo yanakwenda kinyume kabisa, anaanza kujiamini baada ya kuona amepata kitu cha kweli kwa mikono yake, na ukimnyima hicho kitu hakuna maneno yatakayoziba hilo pengo.

Wacha nieleze kidogo hii diskalkulia ni nini maana jina linatajwa sana siku hizi na kila mtu analipa maana yake. Si uvivu, wala si kukosa mwalimu mzuri. Mwaka 1974 Ladislav Kosc wa Chekoslovakia aliandika kuhusu watoto ambao akili zao ziko sawa, wanasoma, wanaongea, wanafikiria vizuri, ila nambari zinawaponyoka, na tangu hapo watafiti, Brian Butterworth wa University College London akiwa mmoja wa wanaojulikana sana, wamezidi kuonyesha kwamba shida iko chini kabisa kwenye msingi, kwenye ile hisia ya "vingapi". Mimi na wewe tukiona maembe matatu mezani hatuhesabu, jicho limeshaona tatu, hata manne pia. Mtoto mwenye diskalkulia mara nyingi ataanza moja, mbili, tatu hata hapo. Ukimuuliza kubwa ni ipi kati ya 6 na 9 atakujibu sawa lakini atachelewa kidogo, na huko kuchelewa kidogo kwenye kila hatua ya kila swali kwa miaka kumi ndiko kunakomla, sababu mwenzake ameshafika jibu yeye bado yuko kwenye 8 kujumlisha 7. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 3 na 7 ya watoto. Chukua darasa letu la kawaida la watoto 50 ujipigie, ni wawili watatu hivi kila darasa, na kwenye shule kubwa ya mikondo minne ni makumi ya watoto ambao hakuna aliyewahi kuwaambia wana nini.

Nina mpwa wangu yuko hivi. Ukitaka bibi harusi apakwe piko hapa mtaani kwetu unamuita yeye, na ukitazama ule mkono maua ya kulia na ya kushoto yanalingana kama yamepigwa chapa, hapimi kwa rula wala kwa uzi. Lakini mtume dukani na mia tano alete unga na maziwa, chenji ataipokea bila kuiangalia, na kwa miaka alikuwa akilipa kwa noti kubwa hata mfuko ukiwa umejaa sarafu, na sisi nyumbani tukasema ni maringo, kumbe noti kubwa haihitaji kuhesabiwa. Na saa ndio kabisa. Sisi Waswahili mtoto aona mshale umegonga tatu ukutani lakini atakiwa aseme saa tisa, akifika darasani kwa Kiingereza arudi tena kwenye tatu, na baada ya alasiri akimbilie madrasa ambako nambari za aya kwenye msahafu zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, saba na nane zinafanana ila moja imepinduliwa. Watoto wengi hayo yote huyazoea bila mtu kuwafundisha. Yeye kila mara ni hesabu mpya, na kila mara aweza kukosea, na kila akikosea watu wanacheka kwa vile ni kitu ambacho hata mtoto wa chekechea ajua.

Sasa rudi kwenye hesabu nyepesi. Lengo lake lililotangazwa ni hesabu ya kumsaidia mtu kwenye maisha ya kila siku, na ukisema maisha ya kila siku umesema hela, saa, vipimo, asilimia, makadirio ya haraka haraka. Hapo hasa ndipo diskalkulia inapokaa! Kwa upande mwingine kuna watu wenye diskalkulia ambao wako sawa kwenye jiometri, wengine kwenye mantiki ya aljebra ambapo herufi zinahamishwa kwa kanuni na si lazima ujue 7 mara 8 kwa kichwa, wengine wanaandika programu za kompyuta kabisa, ilimradi waachiwe kalkuleta kwa ile kazi ya kujumlisha na kuzidisha. Sisemi wote, maana kuna ambao kila kitu chenye nambari kinawatesa, na kuna ambao wana disleksia, yaani ugumu wa kusoma, pia juu yake. Nasema tu kwamba ile ngazi tuliyonayo vichwani, kwamba chini kuna hesabu za duka na juu kuna hesabu za wenye akili, na asiyeweza za chini hawezi kugusa za juu, kwa watoto hawa haiko hivo. Ukimtoa mtoto kwenye njia ya sayansi kwa sababu hajui taimtebo, huenda umemfungia mlango wa chumba ambacho angekaa vizuri ukampeleka kwenye kile kinachomuunguza. Na akianguka huko, amebaki na nini? Aliyefeli hesabu nzito hujiambia ilikuwa nzito. Aliyefeli ile iliyoitwa nyepesi atajiambia nini?

Kuna wanaonipinga na baadhi yao wana hoja za maana. Walimu wengi wataniambia, ndugu yangu, nusu ya darasa langu wanafeli hesabu, utasema wote wana diskalkulia? Hapana, na hii ndio hoja yenye nguvu kuliko zote na naikubali. Asilimia 3 mpaka 7 haiwezi kueleza nusu ya darasa. Wengi wanafeli kwa sababu walimu ni wachache, madarasa yamejaa, mtoto amekosa shule muhula mzima kwa karo, au kwa sababu ya lugha, mtoto wa Pwani amehesabu kwa Kiswahili mpaka Gredi 3 alafu ghafla kila kitu ni Kiingereza. Hili la lugha naomba nilikalie kidogo maana halisemwi. Kiswahili chetu chasema kumi na tatu, yaani kumi na juu yake tatu, nambari imejieleza yenyewe. Kiingereza kina jina la kumi na moja na la kumi na mbili ambayo hayana dalili yoyote ya kumi ndani yake, na jina la kumi na nne na la arobaini yanakaribiana sana masikioni. Mtoto ambaye hisia yake ya nambari ni dhaifu tayari, sisi twamnyang'anya hio fimbo ndogo aliyokuwa akiegemea.

Lakini hoja ya mwalimu, ukiifuata mpaka mwisho, yanisaidia mimi. Kama nusu wanafeli kwa sababu mbalimbali basi ndio lazima tuwatofautishe, na kutofautisha si kugumu vile inavyodhaniwa. Kuna utafiti mmoja wa 1985 Recife, Brazil, wa Terezinha Nunes na wenzake, walienda kwa watoto wanaouza matunda na vitu vidogo barabarani wakawauliza bei na chenji pale pale kibandani, wakapata asilimia 98 sawa, alafu maswali ya nambari zile zile kwenye karatasi kama shuleni, wakaanguka mpaka asilimia 37. Nenda soko la Kongowea asubuhi utawakuta watoto hao hao, anakupigia vitunguu kilo mbili na robo na pilipili ya thelathini kutoka kwa mia mbili kabla hujafungua mkoba, na shuleni ripoti yake ya hesabu imeandikwa chini ya matarajio. Huyo hana diskalkulia. Huyo ana shida na shule, na shule ina shida naye. Mwenye diskalkulia huanguka kote kuwili, sokoni na darasani, na aliyemuona wa kwanza ni mama yake aliyekuwa akimtuma dukani. Kumuuliza mama si kipimo cha kitaalamu lakini ni pa kuanzia, na ni bure.

Wengine waogopa jina. Wasema ukimwambia mtoto ana ugonjwa wa hesabu umemmaliza, atajificha nyuma ya jina asijaribu tena. Kwanza si ugonjwa. Pili, naielewa hofu hii na imenikaa kichwani muda mrefu maana nimeona jina likitumika hivo kwa watoto wengine, likawa sababu ya kumkalisha nyuma ya darasa na kumuacha. Ila tusijidanganye kwamba saa hizi hana jina. Anayo majina, kichwa maji, mbumbumbu, mzembe, na amepewa na watu wazima anaowaheshimu, na ameyaamini. Swali kwangu ni lipi kati ya hayo majina linakuja na kitu cha kufanya kesho asubuhi. Mzembe haliji na chochote isipokuwa adhabu. Diskalkulia, ikitajwa na mtu anayeijua, inakuja na mstari wa nambari uliobandikwa kwenye dawati, na muda zaidi, na kalkuleta, na kurudi kwenye msingi bila aibu. Jina likija peke yake bila hayo, basi niko na wanaoliogopa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndio inayopendwa kuliko zote, ni ile ya kwamba mtoto akijiamini tu ataweza. Kila shule yaleta mtu wa kuhamasisha, watoto wanaimbishwa kwamba hesabu ni rahisi, wanapiga makofi, jioni wanarudi bweni na Jumatatu kuna mtihani wa dakika 40. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba mtu hupata imani na uwezo wake kutoka sehemu nne: kufaulu mwenyewe, kuona mwenzake anayefanana naye amefaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili wake unavyojisikia wakati huo, na yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Maneno matupu yamo ndani lakini ni dhaifu, na yanavunjika haraka sana yakigongana na matokeo. Sasa fikiria mtoto ambaye umemwambia hesabu ni rahisi. Yeye ajua si rahisi. Kwa hio ama wewe ni muongo, ama yeye ndiye mbovu, na mtoto wa miaka 15 mwenye adabu zake atachagua la pili.

Tena tunachanganya woga wa hesabu na diskalkulia kana kwamba ni kitu kimoja. Watafiti wa Cambridge waliwapima watoto zaidi ya elfu moja wa Uingereza, wakatoa matokeo 2018, wakakuta kwamba kati ya wale wenye woga mkubwa wa hesabu, asilimia 77 wana uwezo wa kawaida au wa juu kabisa kwenye hesabu yenyewe. Maana yake kuna mtoto anaeogopa na anaweza, huyo huenda ukimtuliza atafanya vizuri, na kuna mtoto ambaye nambari hazimshiki, huyo ukimtuliza atakuwa ametulia na bado hajui. Na kuna mwenye vyote viwili, ambaye ndiye ninayemuogopea zaidi, sababu wasiwasi unakula ile nafasi ya kichwani ambayo mtu hutumia kushikilia nambari wakati anapiga hesabu, na huyu nafasi yenyewe alikuwa akiihitaji kuliko wenzake. Ukimuita ubaoni mbele ya darasa zima umemnyang'anya hata kile kidogo alichojua. Yale matokeo yanayobandikwa ukutani kwa mpangilio wa namba ya kwanza hadi ya mwisho yanafanya kazi hio hio kila muhula. Mtihani wa kasi nao ni hivo hivo, maana unapima kitu kimoja tu ambacho diskalkulia imekichukua, na kasi si hesabu.

Kwa hio kama kweli twataka wajiamini, kazi ianze mahali pengine. Kwanza mtoto apimwe. Nchi hii ina vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum tangu miaka ya 1980, vilianza 1984, na KISE, taasisi ya elimu maalum kule Nairobi, imekuwa ikifunza walimu wa elimu maalum tangu 1986, na sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu imewataja hata wenye ugumu wa kujifunza. Lakini mlemavu tunayemjua sisi ni asiyeona, asiyesikia, asiyetembea. Mtoto anayeongea vizuri, anaeandika insha nzuri na kupata 9 kwa mia kwenye hesabu, nani atampeleka kituoni? Anapelekwa tyusheni. Na tyusheni yenyewe ni kurudia sura ile ile ya kitabu aliyofundishwa asubuhi, kwa sauti ya juu zaidi, na hela zimelipwa. Anachohitaji ni kurudishwa nyuma pale alipoachia, hata kama ni hesabu ya Gredi 2, na kuishika kwa mikono. Kete za bao zafaa kuliko chati yoyote iliyotoka Nairobi, kete sitini na nne, mashimo ya nane nane, mtoto aone nane ni kiasi gani na mbili za nane ni kiasi gani kabla hajaandikiwa tarakimu. Wazee wa Mji wa Kale wana ubao tayari na muda wanao.

Kalkuleta nayo tuache kuifanya kama wizi. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, inaruhusu kalkuleta, hata jedwali la hesabu mtahiniwa aingia nalo, lakini shule nyingi zaificha mpaka kidato cha pili au cha tatu ili watoto wazoee kutumia kichwa, na huyu mmoja ambaye kichwa chake hakitazoea amepoteza miaka miwili ya kujifunza kila kitu kingine. Ni kweli kalkuleta haimpi hisia ya nambari, atabonyeza vibaya apate elfu nane mahali pa mia nane na asishtuke, ndio maana lazima afundishwe kukadiria kwa mstari wa nambari pembeni. Lakini hio ni sababu ya kumfundisha vizuri zaidi, haimaanishi anyimwe.

Na tusiwasahau wale ambao hawana hata hio nafasi ya kuchagua. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, ni wa kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 litakalofanya KCSE 2027. Tangu 2023 wamelegeza kidogo jinsi ya kupata gredi ya jumla, inachukuliwa hesabu, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vizuri, lakini hesabu imebaki pale pale, hakuna wa kuikwepa. Hakuna hesabu nyepesi kwake. Kilichomsaidia ni mwalimu mmoja kijana aliyeona michoro ya piko kwenye jalada la daftari lake, akamuonyesha kwamba sehemu ya pili ya karatasi ina maswali manane na mtahiniwa huchagua matano, na kwamba maswali ya kuchora kwa rula na bikari yana maksi sawa na yale ya biashara na riba. Hakumwambia jiamini. Alimpa maswali ambayo mikono yake inayajua, akayapata, akampa mengine magumu kidogo, na kuna siku alirudi nyumbani akauliza pembe za pande sita mwenyewe, wakati wa chakula, bila mtu kumtaka.

Kwa wazazi wa Gredi 10, kama mtoto yuko kwenye njia ya sayansi na anahangaika na chenji lakini anaelewa sayansi yenyewe, msikimbilie kumhamisha kabla hajapimwa. Na kama yuko tayari kwenye ile nyepesi, muulizeni mwalimu muhula huu mambo mawili: atapewa muda gani kwenye mitihani, na kalkuleta inaruhusiwa kuanzia lini. KNEC, lile baraza la mitihani, ina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, na mtoto ambaye shida yake haijaandikwa popote hataingia kwenye hesabu hio. Hawa wa kwanza watafika mtihani wa Gredi 12 mwaka 2028, na makaratasi ya kupimwa yachukua muda, kwa hio wa kuanza kuyatafuta aanze sasa.